Wyomia Tyus asisahaulike

Mhariri,

Inaniuma kila ninaposikia watangazaji wakimtaja Carl Lewis, mkimbiaji wa Marekani, kuwa wa kwanza kutetea taji la Olimpiki la mita 100. Wa kwanza ni mwanamke! Wyomia Tyus wa Marekani alishinda Tokyo mwaka 1964 akiwa na miaka 19, akashinda tena Mexico City mwaka 1968 kwa sekunde 11.08, rekodi ya dunia. Lewis alimfikia miaka 20 baadaye.

Huko Mexico alitwaa pia dhahabu ya kupokezana vijiti, akaitoa kwa heshima ya Tommie Smith na John Carlos, wakimbiaji wenzake wa Marekani waliofukuzwa kikosini kwa kuinua ngumi jukwaani kupinga ubaguzi wa rangi. Ujasiri huo nao hautajwi. Tunaomba kurasa zenu za michezo zimtaje.

Msomaji wenu