Kijana anayetoka kibaruani asifukuzwe mazoezini

Mhariri,

Assalaamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na viongozi wa timu za vijana hapa Pemba. Mimi ni fundi wa uashi, huu mwaka wa 26 nimeshika mwiko, na jioni nawafundisha magolikipa tangu nilipoacha kudaka mwenyewe. Sidai malipo kwa mtu.

Mwezi uliopita timu moja ya vijana wilayani kwetu ilimwondoa golikipa wake wa miaka 17. Kosa lake ni kuchelewa mazoezi mara tatu. Alichelewa kwa sababu alikuwa na mimi juu ya jukwaa, katika nyumba tunayoijenga. Kibarua kinakwisha saa kumi na nusu, na wao wanaanza mazoezi saa kumi, watu wakishasali alasiri. Baba yake anaumwa mgongo, baharini hendi tena, na ile pesa ya siku ndiyo unga wa nyumba. Kiongozi akamtazama mikono iliyojaa saruji, akamwambia mbele ya wenzake kwamba timu inataka wachezaji, haitaki vibarua. Kesho yake kijana aliniambia, "Ami, mimi sirudi tena." Mpaka tunashuka jukwaani hakusema neno jengine.

Jambo hili limenikaa moyoni. Mpwa wangu anayesoma Unguja alipokuja likizo akanionesha kwenye simu yake maisha ya mchezaji mmoja wa Marekani, Jerry Rice, akawa ananifasiria. Mpira wao una umbo la yai na unachezwa zaidi kwa mikono. Mmoja anaurusha mbali, na mpokea pasi aliyechomoka pembeni inampasa audake huku mabeki wanamkumba. Mtu aliyewahi kusimama golini anaielewa kazi hiyo hata akitazama bila sauti.

Huyu Rice alizaliwa mwaka 1962 huko Mississippi, na baba yake alikuwa fundi wa uashi. Skuli zikifungwa, watoto walikwenda kumsaidia baba yao kazini. Ndugu zake walirusha matofali kutoka chini, yeye akiyadaka juu ya jukwaa. Hapo nikamwambia mpwa wangu arudishe nyuma nisikie tena.

Naomba nieleze kidogo, maana wengi wanaona kupokea tofali ni nguvu tu. Tofali linalopanda hulidaki likiwa bado lina kasi. Unalisubiri lichoke kule juu, pale linapotaka kusita kabla ya kurudi chini, na mikono yako inalifuata kidogo lisikupige. Ukikaza vidole, unaumia. Ukiliondolea jicho, mwenzako aliye chini ndiye anayeumia. Kijana wangu alikuwa anayafanya haya kutwa, ndiyo maana mpira ulikuwa haumponyoki golini. Kiongozi aliyemcheka mikono aliicheka mikono ileile iliyokuwa ikimwokolea mechi.

Jengine lililonigusa ni namna Rice alivyoingia mchezoni. Siku moja alitoroka darasani, naibu mwalimu mkuu akamtokea kwa nyuma, kijana akatimua mbio. Yule mkubwa hakuishia kwenye utoro. Aliziona zile mbio, na Rice akaingizwa katika timu ya mpira. Akasoma chuo kidogo cha Mississippi Valley State, na mwaka 1985 timu ya San Francisco 49ers wakamchukua akiwa wa 16 katika uteuzi wa wachezaji wapya. Msimu wa kwanza mipira ilimdondoka, watazamaji wakamzomea. Kocha wake, Bill Walsh, hakumtupa. Desemba ya mwaka huohuo, dhidi ya Los Angeles Rams, alidaka mipira 10 na kuusogeza mpira mbele yadi 241 katika mechi moja.

Alicheza misimu 20. Alidaka pasi 1,549, na yadi zake ni 22,895, karibu kilomita 21 ukizipanga kwa mstari, na hakuna aliyemfikia. Ubingwa wa Super Bowl, yaani fainali ya ligi yao, aliuchukua mara tatu. Msimu ulipokwisha na wenzake wamepumzika, yeye alikuwa akipanda mbio kilima cha kama kilomita 4 huko California. Mwaka 2002 alitimiza miaka 40 akiwa Oakland Raiders, na msimu huo alidaka pasi 92. (Kwetu mchezaji akifika miaka 27 tunaanza kumwita mkongwe na kumtafutia kazi ya kubeba maji. Hilo nalo linaniuma, lakini barua yake nitaiandika siku nyengine.)

Viongozi, sisemi watoto watolewe skuli wakabebe matofali. Huyu wangu ningependa arudi darasani, na nimeshazungumza na mama yake. Ninachowaomba ni kwamba kijana akichelewa, mumuulize ametoka wapi kabla hamjamkata. Mkiona vijana watatu au wanne wa timu wanatoka kwenye ujenzi, au bandarini, au msimu wa karafuu wanatoka mashambani, basi siku mbili za wiki anzeni saa kumi na moja kasorobo. Mwanga wa kutosha upo mpaka karibu na magharibi. Magolikipa wanaweza hata kuja alfajiri wakitoka msikitini. Mimi nipo tayari kuwafundisha saa hiyo, na mipira miwili ninayo, mmoja mzima na mmoja umeshonwa.

Na tafadhali, mtoto asiambiwe neno zito mbele ya wenzake. Kama kuna la kusema, mwiteni pembeni, au njooni kwangu mimi niliyemchelewesha. Ningekuja mwenyewe kuomba radhi siku ileile.

Kijana bado yupo nami jukwaani. Juzi tulikuwa tunapandisha matofali ya juu ya lenta, moja likarushwa vibaya likaenda kando. Alipiga hatua moja kwenye ubao, akalifuata kwa mikono miwili na kulituliza kifuani, kisha akanipa nilipange. Timu inayomhitaji itamkuta hapa Gando saa kumi na nusu, akinawa saruji.

Fundi wa uashi,
Gando, Wete,
Pemba