Mhariri, Mayotte sio mji

Mhariri salaam. Juzi ukurasa wenu wa habari za nje mmeandika "mji wa Mayotte nchini Komoro", nimerudia kusoma mara tatu nikidhani macho yangu. Kwanza sio mji, ni visiwa, pili Komoro wanaidai mpaka leo kweli ila anayetawala pale ni Mfaransa, na tangu 31 Machi 2011 ni dipatimenti yake kamili, ya 101, hela yuro, prefe, yaani mwakilishi wa serikali, anateuliwa kutoka Paris. Na msitafsiri "idara" tafadhali, mtu atadhani ni idara ya maji. Semeni mkoa tu tutaelewa.

Mimi nilifika huko kwa mambo yangu ya biashara. Ndege inatua Pamandzi, nikajua nishafika, kumbe nipo kisiwa kidogo, Petite-Terre, halafu Mamoudzou kwenye ofisi na soko ipo ng'ambo kisiwa kikubwa, Grande-Terre, na daraja hakuna, mnapanda barji watu na magari na pikipiki kama pantoni ya Kigamboni vile, hadi kusukumana kupo. Ukishuka tu soko hilo hapo. Nikanunua ndizi, mama muuzaji akapokea hela akaniambia "marahaba", nikashtuka maana hata shikamoo sijampa, kumbe kwao ndio asante.

Sasa eneo lenyewe, visiwa vyote ukijumlisha hata kilomita za mraba 380 hazifiki, lakini wameligawa komine 17, yaani kama manispaa ndogo (Warundi hili neno wanalijua), na kila komine ina meya wake. Kile kisiwa kidogo peke yake kina mbili, Dzaoudzi na Pamandzi. Zilizobaki 15 zipo kisiwa kikubwa, kuanzia Mtsamboro kaskazini mpaka Kani-Kéli kusini, huko kuna mlima Choungui umechongoka utadhani umechongwa, mita 594, ingawa mrefu zaidi ni Bénara, 660. Tsingoni ndio ilikuwa makao ya sultani, msikiti wake una mihrabu ya mwaka 1538. Uchaguzi nao una mipaka yake, mwaka 2015 walichagua baraza la mkoa kwa kantoni 13, yaani majimbo ya uchaguzi, kila moja ikatoa mwanamke na mwanaume.

Kwa hiyo mhariri sahihisheni, na ile ramani yenu yenye kidoto kimoja mchore upya, visiwa viwili, na uwanja wa ndege muuweke kwenye kile kidogo.

Msomaji wenu, Dar