Barua kwa mwanangu: mdogo wako anakuja Jumapili

Mwanangu Rehema,

Hujambo? Sisi huku Tanga wazima, ila bibi yako miguu imemvimba tena, ndiyo maana siji mwenyewe. Mdogo wako ataletwa na mama mdogo, basi la asubuhi. Barua ya rufaa ya Muhimbili imo kwenye bahasha ya kaki pamoja na kadi yake ya kliniki. Usiikunje.

Nisikilize kwa hili moja. Asiogeshwe na mtu mwingine, wewe tu. Hata hao wenzako wa chumbani, najua ni wasichana wema, wasimwogeshe. Matiti yameshachomoza, nywele zimeanza, na ana miaka 7. Daktari wa hapa kaniambia msichana akianza kabla ya miaka 8 ni mapema mno, mvulana kabla ya 9, na wenye mtindio wa ubongo kama yeye, hali hii huwapata zaidi kuliko watoto wengine, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa unaweza kuwahi kuamsha homoni. Si uchawi, wala si kuku wa kisasa kama anavyosema mama wa nyumba ya pili. Huko watampiga eksirei ya kiganja cha kushoto waone umri wa mifupa. Ikikomaa mapema inafunga, atabaki mfupi. Ipo sindano ya kusimamisha, ya kila mwezi au kila miezi 3. Uliza bei, uliza na bima. Wewe una tabia ya kuona haya kuuliza, cheti chako cha kidato cha nne kilikaa shuleni mwaka mzima. Lakini tangu uvae sare ya uuguzi mtaa mzima unaniita mama nesi, nami naitika.

Ukimvua nguo utaona alama chini ya kwapa. Ni kanga. Nilikuwa namfunga kifuani tukitoka, watu wasimkodolee macho. Alikuwa analia, nikadhani ni ule ukakamavu wa mikono. Usimfunge. Mnunulie fulana laini za pamba, mbili.

Kabla hujamgusa mwambie unataka kumfanya nini, kisha usubiri macho yake. Haongei, lakini anaelewa kila kitu. Na damu ikimjia huko, asije mtu akamwita mwali. Juzi kalia kutwa nzima kwa sababu paka kahamia kwa jirani.

Dawa ya kifafa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, asikose hata mara moja.

Nimekuwekea nazi 6 na unga wa muhogo. Zile fedha ulizotuma nimelipia maji, bati la jikoni litangoja. Sufuria langu kubwa ulilochukua Desemba mpe mama mdogo arudi nalo.

Na mlango wa bafu lenu, uliniambia hauna komeo. Nunua komeo kabla ya Jumapili.

Mama yako