Mazoezi ya Passacaglia: muda umebadilika

Bwana asifiwe wapendwa. Jumamosi tunaanza saa 4 kamili asubuhi, si saa 8 mchana, maana mchana kuna harusi kanisani. Tumieni mlango wa pembeni. Kazi ni Passacaglia ya Bach katika C maina, BWV 582 (namba yake kwenye orodha ya kazi za Bach): kipande cha ogani chenye mada fupi ya besi inayorudiwa tena na tena.

1. Mada ya pedali (baa 8) ipigeni kwanza kwa miguu peke yake, mkihesabu kwa sauti. Mabomba ya futi 16 (yale marefu ya besi) huchelewa kuitika. Ukisubiri kuyasikia, mwendo unazama. Fuata hesabu, usifuate sikio.

2. Variesheni (mada ikirudiwa kwa mapambo mapya) ni 20. Kwenye ya 11 mada inahamia sauti ya juu, na inarudi besi kwenye ya 16. Hapo katikati ndipo wengi hupotea, kwa hiyo wekeni alama ya penseli.

3. Fuga (sehemu ya mwisho, sauti zikiingia moja baada ya nyingine) inaingia mara tu variesheni ya 20 inapoisha, bila pumziko. Ni pazuri mno, tusipaharibu kwa kuhangaika na stopu (vishikizo vya kuchagua mabomba). Nahitaji wasaidizi wawili: wa stopu na wa kugeuza kurasa. Nani yuko tayari?

Viatu viwe vya soli nyembamba. Mchango wa umeme ni Euro 5.

Naomba kila mmoja aandike "nipo" au "sipo" kabla ya Alhamisi saa 3 usiku. Asanteni sana.