Mama lishe naye apewe siku 30

Mhariri,

Nauza chakula Mwanga, hapa Kigoma, huu mwaka wa kumi na moja. Asubuhi ni supu na chapati, mchana ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese. Kabla ya kuja hapa niliuza kwenye mji mwingine, na yaliyonikuta huko ndiyo yanayonifanya niandike kuomba mama lishe asiondolewe bila taarifa.

Ushuru nilikuwa nalipa kila siku, risiti ninazo mpaka leo. Asubuhi moja mgambo wakaja, wakamwaga sufuria ya maharage yaliyokwisha kuiva, wakapakia meza na mabenchi kwenye gari. Mabenchi yale niliyanunua kwa mkopo wa kikoba, nami niliendelea kuulipa miezi minne bila kuwa nayo. Kila niliyemuuliza kosa langu alinijibu, "Ni agizo." La nani, la lini, limeandikwa wapi, hakuna aliyesema.

Kila halmashauri ya mji hutunga sheria ndogo zake chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, kwa hiyo ukihama mji unaanza kujifunza upya. Kitambulisho cha mjasiriamali cha Sh20,000, kilichoanza kutolewa mwishoni mwa 2018 kwa sisi tusiozidisha mauzo ya Sh4 milioni kwa mwaka, nilikipata nikiwa tayari hapa Kigoma. Nacho hakikuniambia meza ikae hatua ngapi kutoka barabarani.

Binti yangu yuko chuo, amenisomea ya kwingine. Mjini Chicago, Marekani, gari la kuuzia chakula haliruhusiwi kusimama ndani ya futi 200, kama mita 60, kutoka kwenye mgahawa, na lazima lifungwe kifaa cha kuonyesha lilipo. Wenye gari moja walishtaki. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Illinois, jimbo lenye mji huo, ikasema sheria ibaki. Siipendi sheria hiyo hata kidogo. Inamlinda mwenye mgahawa, mlaji haimsaidii lolote. Lakini muuzaji wa Chicago akitaka kujua kama amekosea, anachukua futi kamba anapima. Mimi ningepima nini?

California, jimbo jingine la Marekani, wamekwenda njia nyingine. Tangu Januari 2019 kuuza kando ya barabara si kosa la jinai tena, na mji hauwezi kukuzuia kwa sababu tu mwenye duka jirani anaogopa ushindani. Ukizuiwa, iwe ni kwa ajili ya afya au usalama wa watu. Hapo kwenye afya sina ubishi: napima kila miezi sita, na maji ya kunawa hayakosekani mezani kwangu.

Iliyonigusa zaidi ni sheria ya India ya mwaka 2014. Kamati ya mji inayopanga maeneo ya biashara lazima wauzaji wenyewe wawe angalau asilimia 40, na theluthi yao wawe wanawake. Mwenye cheti cha eneo lake hahamishwi bila taarifa ya siku 30.

Naomba madiwani wetu waanze na hilo la siku 30, na sheria ndogo ibandikwe sokoni Mwanga kwa Kiswahili, yenye vipimo vya mita. Nikiambiwa leo nitoke baada ya siku 30, nitatoka, na mabenchi nitayabeba mwenyewe.

Mama lishe,
Mwanga, Kigoma