Barua ya wazi: Mheshimiwa, ufunguo wa chaja ya kaskazini uko kwa nani?

Mheshimiwa,

Assalaamu alaykum.

Natumai barua hii itakukuta na afya njema, wewe na aila yako. Jina lako na la afisi yako sitoyataja, kwa heshima, na kwa kuwa mwenyewe unajijua. Ni wewe uliyesimama chini ya turubai siku ile, utepe wa mashine ya umma ya kuchaji gari za umeme ukakatwa, maji ya chupa yakagaiwa, tukaambiwa kwamba tangu sasa mwenye gari ya umeme atatoka Makunduchi, kusini mwa Unguja, hadi Nungwi, kaskazini, bila ya wasiwasi wowote. Nilikuwepo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

Barua za faragha nimeshazileta. Muhuri wa kupokelewa nimegongewa, jibu sijapata. Kwa hivyo hii naileta mbele ya watu.

Kilichonitoa kimya ni mambo ya Jumamosi iliyopita. Nilikodiwa, mimi na teksi yangu ya umeme, na watu wa harusi kutoka Makunduchi kwenda Nungwi: shangazi wa bwana harusi, mabinti wawili na mtoto, na nyuma ya gari masinia ya vileja na halua yaliyofungwa vizuri. Kabla hatujaondoka niliwaeleza kwamba tutasimama njiani kiasi cha nusu saa, nichaji kwenye mashine ya umma, kisha tunaendelea. Wakakubali. Shangazi akasema nusu saa si kitu, hata sala ya Alasiri tutaipata hapo hapo.

Tukafika. Mashine inawaka. Taa yake ya kijani naiona kwa macho yangu, kupitia matundu ya lango. Lango limetiwa kufuli. Mlinzi hayupo. Kwenye ukuta pana karatasi yenye nambari ya simu ya msaada, lakini mvua za masika zimeshachukua wino, tarakimu mbili za mwisho hazisomeki. Nikenda dukani kwa jirani kuuliza. Mwenye duka, bila hata ya kushangaa, akanambia kijana wa ufunguo kaenda Pemba kwa boti ya asubuhi, kafiwa, na ufunguo kaondoka nao mfukoni.

Simlaumu kijana. Mtu akifiwa hafikirii kufuli. Ninachouliza ni hivi: mashine ya umma, ya kisiwa kizima, inategemea vipi mfuko wa suruali ya mtu mmoja?

Tukasubiri, sijui tukisubiri nini. Mtoto akaanza kulia. Shangazi akanitazama akasema, "Mwanangu, si ungetia petroli tu kama wenzako?" Alisema kwa upole kabisa, na ndiyo maana yaliniuma. Mwisho ikapita daladala ya 116, imejaa, tukawabembeleza abiria wasogee, na jamaa za bwana harusi wakaingia Nungwi wamesimama na masinia ya vileja mikononi. Nauli sikuidai, na ningeidai kwa uso gani?

Mimi nikajikokota mpaka Kinyasini, kiyoyozi nimezima, mwendo wa punda. Mzee mmoja fundi seremala akanipitishia waya dirishani kwake, nikachaji usiku kucha kwenye plagi ya kawaida, nikamnunulia tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, asubuhi, naye akanipa chai. Basi hicho ndicho kituo cha kuchaji kinachoaminika katika njia ya kaskazini, Mheshimiwa: dirisha la seremala. Halikukatiwa utepe.

Najua wapo watakaosema, kisiwa chenyewe urefu wake kiasi cha kilomita 85, gari gani itaishiwa chaji humu? Na nahisi hata afisini kwako wapo wanaosema hivyo, huku gari za msafara zikinguruma dizeli nje. Njia ya lami haikunyooka kama mstari wa ramani. Makunduchi hadi Nungwi ni kilomita 100 na zaidi, na dereva wa teksi hendi mara moja akalala. Asubuhi uwanja wa ndege, kisha Nungwi, urudi mjini, mchana mgeni anataka Paje. Gari yangu ni Nissan Leaf iliyotumika Japani kabla ya kuvuka bahari. Ilipotoka kiwandani betri yake ilikuwa ya kilowati-saa 24, na betri kila ikizeeka ndivyo mwendo wake unavyopungua. Tena gari hizi hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji. Ukiiendesha kwenye jua letu la Januari halafu ukaichomeka kwenye chaja ya kasi, gari yenyewe inapunguza umeme inaoupokea ili betri isiungue. Nusu saa ya kwenye karatasi inakuwa zaidi. Hilo nalijua, nimelikubali, napanga safari kwa hesabu hiyo. Lakini hesabu ya kufuli sijui naiweka wapi.

Na kufuli ndiyo kioja cha juzi tu. Siku nyengine lango liko wazi na mashine imezima. Siku nyengine inawaka, ila kioo kinasema hakuna mtandao, kwa hivyo malipo hayapiti, na malipo yasipopita umeme hautoki, ingawa waya umejaa umeme. Siku nyengine kichwa cha waya ndicho kibovu. Mashine ina vichwa viwili, kimoja cha CHAdeMO, ambacho ndicho cha Leaf zetu kutoka Japani, na kimoja cha CCS, cha gari za Ulaya. Huwezi kuchomeka hiki badala ya kile. Sasa nadhani utakisia ni kipi kilichofungwa mfuko wa nailoni na kamba ya katani kwa wiki nzima.

Sababu hatuambiwi, kwa hivyo tunakisia wenyewe. Wengine wanasema ni umeme mdogo wa jioni, mahoteli yakiwasha viyoyozi vyote kwa pamoja mashine inajizima kujilinda. Wengine wanasema ni chumvi ya bahari inayokula vyuma vya plagi. Mimi nahisi aliyeifunga alilipwa kufunga, na hakuna aliyelipwa kuitunza. Kama nakosea, nisahihishe hadharani kama nilivyoandika hadharani, nitashukuru.

Usije ukadhani naona Wazungu wametushinda kwa kila kitu. Mwaka 2022 watafiti huko California walizikagua plagi 657 za CCS za chaja za kasi za umma katika eneo la San Francisco, wakakuta zinazofanya kazi ni asilimia 72.5 tu. Na nyingi ya zilizobaki ugonjwa wake ni huu huu wetu: kioo kimekufa, malipo hayapiti, mtandao hamna, plagi imevunjika. Tofauti ni kilichofuata. Mwaka 2023 serikali kuu ya Marekani ikaweka kanuni kwamba chaja za barabara kuu zinazojengwa kwa fedha zake ziwe kazini asilimia 97 ya wakati, na kituo kisiwe na plagi chini ya nne. Uingereza wakasema asilimia 99 kwa mitandao ya chaja za kasi, na simu ya msaada ya bure inayopokelewa saa 24. Asilimia 97 maana yake ni kuruhusiwa kulala siku kumi na moja kwa mwaka. Mashine yetu siku hizo ilizimaliza zamani, na hakuna aliyekuwa akihesabu. Tena kwenye plagi nne moja ikifa zimebaki tatu. Kwetu ikifa moja, Leaf zote za kaskazini zimekwama.

Sisi watu wa kisiwa hichi si wageni wa shida ya umeme, Mheshimiwa. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikaa gizani. Tulichota maji visimani, tuliozesha samaki kwenye mafriji, tukastahamili. Lakini kipindi kile kila mtu alijua kwamba umeme haupo. Hakuna aliyetoka Makunduchi na shangazi wa watu akiamini kwamba mbele kuna umeme. Giza la kutangazwa unalipangia. Hili la taa ya kijani nyuma ya lango lililofungwa mtu hawezi kulipangia, na ndilo linalotuharibia kazi, kwa sababu mteja akishakwama na wewe mara moja hakupigii tena, na anawaambia wenzake.

Sasa ninaomba nini? Nilikuwa na orodha ndefu. Mashine ya pili pale pale, ili moja ikifa nyengine ifanye kazi. Mashine nyengine kusini. Fundi mwenye vipuri hapa hapa kisiwani, asisubiriwe kutoka Dar es Salaam. Taarifa ya kila asubuhi, hata ujumbe mfupi wa maandishi tu, inayosema leo inafanya kazi au haifanyi, ili mtu ajue kabla hajapakia abiria. Hata ikisema haifanyi, isiseme uongo, nitakushukuru.

Lakini nimeshaishi vya kutosha kujua orodha ndefu inavyosomwa afisini. Kwa hivyo yote hayo yaweke pembeni, ukipata nafasi utayatazama. Ninachokuomba wiki hii ni ufunguo. Ufunguo wa pili tu, uchongeshwe mjini, sokoni Darajani, kwa bei ya chai, ukabidhiwe yule mwenye duka la jirani. Anafungua baada ya Alfajiri na anafunga baada ya Isha, na anapofunga analala nyuma ya duka hilo hilo. Nimeshamuuliza, amekubali, na malipo hataki. Anachotaka ni karatasi yenye saini yako, ili siku akionekana anafungua lango asije akaitwa mwizi.

Wako katika ujenzi wa nchi,

Dereva wa teksi, Makunduchi