Taka za sokoni zisimwagwe kwenye mboga za majini kabla ya wakati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kilimo cha mboga kisichotumia udongo, bali mizizi hukaa ndani ya maji yenye virutubisho, ambacho baadhi yetu hapa Dodoma tumekipenda kwa sababu maji yale yale huzungushwa tena na tena, jambo lenye thamani kubwa katika mkoa ambao mvua zake husimama kwa zaidi ya nusu mwaka. Naunga mkono kwa moyo wote wazo la kurutubisha maji hayo kwa majani ya kabichi, maganda ya ndizi na nyanya zilizooza kutoka masoko ya Majengo na Job Ndugai, badala ya kuzipeleka dampo la Chidaya.

Kinachonitia hofu ni mafundisho ya nusu nusu, ambapo mkulima huambiwa aloweke taka, achuje, kisha amimine majimaji moja kwa moja kwenye mizizi. Nitrojeni ya taka imefungwa ndani ya protini, nayo ikioza hutoa amonia, ambayo ikizidi majini huunguza mizizi. Shambani hatulioni tatizo hili kwa urahisi, kwa kuwa udongo umejaa bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitrati, chakula ambacho mchicha na chainizi hukipokea vizuri. Majini bakteria hao ni haba, na taka zinazoendelea kuoza humaliza oksijeni, mizizi ikageuka kahawia na kunuka.

Dawa yake inajulikana, na watafiti wa Japani wameonyesha kuwa inafanya kazi: majimaji yakae kwanza kwenye tangi la pembeni, yatiwe mboji iliyoiva iwe mbegu ya bakteria, yapulizwe hewa mfululizo, na taka ziongezwe kidogo kidogo kwa majuma kadhaa hadi amonia iishe na nitrati ipande. Katika muda huo maji huelekea kuwa na tindikali, na ikizidi bakteria hudorora, kwa hiyo yapimwe mara kwa mara. Samadi mbichi isitumike kabisa, hasa kwa saladi inayoliwa bila kupikwa.

Naiomba Halmashauri ya Jiji iweke masokoni mapipa ya taka zinazooza pekee, kwani betri ikichanganyika humo hakuna bakteria atakayeondoa sumu yake. Maafisa ugani wa kata nao wapewe vipimo vya amonia na nitrati, kama vile vya wafugaji wa samaki, ili mkulima aone kwa macho yake hali ya maji kabla hajapandikiza miche.

Mkulima wa mboga,
Nzuguni, Dodoma